Hema Lenye Milango Miwili

Mavyaa aliinama, akashika goti, akaingia ndani ya hema lililokuwa limesimamishwa katikati ya duka.

"Funga," akasema.

Kijana wa duka alinitazama mimi kwanza. Nikamwitikia kwa kichwa. Akavuta zipu ya ndani mpaka chini, akafunga na ya nje, na mama wa mume wangu akawa haonekani tena. Tukabaki tumesimama hapo Nyali, mimi, binti yangu na yule kijana, tunalitazama hema la buluu huku kipoza hewa cha duka kikinguruma juu ya vichwa vyetu.

"Stara ipo," sauti ikatoka ndani. Kimya. Kisha: "Hewa haipo."

Alipotoka uso wake ulikuwa unametameta kwa jasho, na hakuwa amekaa humo hata muda wa chai kuchemka. Kijana, kwa adabu zake zote, akamwambia, "Lakini mama, hili halipitishi maji. Ni elfu tatu." Mavyaa akamshukuru, akamwombea biashara njema, tukatoka. Ndani ya tuktuk ndipo aliponiambia maneno ambayo yamenikaa rohoni wiki zote hizi:

"Mwanangu, nitakuja na nyinyi. Lakini sitalala mbele za macho ya watu, wala sitalala kaburini. Tafuta hema."

Nimekuwa nikitafuta tangu hapo.

## Nyumba nzima inahama

Ushauri mwingi unaoandikwa kuhusu mahema unamfikiria msafiri mmoja mwenye begi mgongoni, au marafiki wanne wa chuo ambao hawajali nani anabadilisha nguo wapi. Sisi ni nyumba nzima. Yupo bibi mwenye magoti yanayouma. Yupo baba watoto, ambaye kwa joto la hapa Bamburi hulala na kikoi tu. Yupo msichana aliyefikia umri wa kujisitiri, mvulana asiyetulia, na mdogo anayeamka usiku kuomba maji. Na mimi.

Jamaa waliposikia walishangaa. Kwa nini msikodi nyumba Diani? Kwa nini kumsumbua mtu mzima?

Swali hilo la pili lilinitesa kweli. Kuna usiku nilikaa kitandani nikaona afadhali tuache kabisa, twende watoto na sisi, bibi abaki na dada wa kazi. Asubuhi yake nikamkuta mavyaa jikoni anamsimulia mjukuu wake jinsi walivyokuwa wakilala nje kwenye mkeka huko Kwale, yeye na nduguze, wanasikiliza vishindo vya msituni. Kutoka kwao mpaka msitu wa Shimba hapakuwa mbali. Tangu aolewe Mombasa hajawahi kulala tena akisikia msitu.

Basi haikuwa safari ya watoto peke yao. Nikaacha kufikiria kumwacha.

Likabaki lile alilolisema kwenye tuktuk. Na kila hema nililoliangalia lilinitaka nichague upande mmoja. Yenye hewa yana kuta nusu chandarua: uko ndani unaona minazi, na aliye chini ya minazi anakuona. Yenye stara yamefungwa kila pembe kama mtungi. Sikutaka kuamini kwamba mtu wa pwani lazima achague kati ya kuonekana na kukosa pumzi.

## Mahema yanayoogopa baridi

Nilikwenda Kongowea, kwenye mitumba, kwa sababu huko mahema ya Ulaya huja na bei inayozungumzika. Muuzaji alinitandazia moja zuri, refu, la rangi ya kijani iliyokolea. Chini, kuzunguka pande zote, lilikuwa na ukanda wa kitambaa unaolala ardhini.

"Huu wa nini?" nikamuuliza.

"Wa kuzuia upepo usiingie, dada."

Nikakaa nikautazama ule ukanda. Aliyelishona hema lile alikuwa anafikiria mtu anayelala kwenye nyuzi 5 za joto, anayetaka pumzi yake na ya wenzake ibaki humo humo impashe moto. Kila mshono ulifanya kazi hiyo. Sisi, mwezi wa Machi, kaskazi inapokaribia kwisha na upepo umekufa, saa nane za usiku bado tuko kwenye nyuzi 24 au 25, na hewa yenyewe imejaa maji. Ukiwaingiza watu sita ndani ya kitambaa kile, wataamka wamechemka.

Kuna jambo jingine la kuangalia kwenye mitumba. Geuza kitambaa ndani nje, upitishe kiganja. Upande wa ndani hupakwa utando wa plastiki wa kuzuia maji, na utando huo, ukikaa miaka mahali penye joto na unyevunyevu, huanza kuoza. Utajua kwa kunata kwake na kwa harufu ya uchachu. Likishafika hapo halifufuki, hata muuzaji aape vipi kwamba ukilianika juani litakaa sawa.

Ile elfu tatu ya kijana wa Nyali nayo nilikwenda nikaisoma nikaielewa. Ni milimita. Kitambaa hubebeshwa safu ya maji, na inatazamwa safu hiyo inafika kimo gani kabla matone hayajaanza kupenya. Kitambaa cha 3,000 kimezuia maji ya kimo cha mita 3. Cha 1,500 tayari kinahimili mvua ya kawaida. Sakafu ndiyo inayohitaji namba kubwa zaidi, maana goti la mtu mzima linapobonyeza kitambaa kwenye udongo uliolowa, husukuma kwa nguvu kuliko tone lolote litokalo juu.

Ni namba ya kweli, na mvua za masika hapa si za mchezo. Lakini nani anapiga kambi Mei? Namba inayoeleza hewa ingapi inapita ndani ya hema sijaiona kwenye boksi lolote.

## Leso sakafuni

Kabla ya kwenda duka jingine nilitandika leso sebuleni.

Hema la "watu wanne" mara nyingi lina sakafu ya sentimita 240 kwa 210. Gawanya ile 240 kwa wanne: kila mmoja anapata 60, yaani upana wa godoro jembamba la kambi, bega kwa bega, bila mahali pa kuweka hata kandambili. Leso ina urefu wa kama mita moja na nusu, kwa hiyo nilizipanga na kuziunga mpaka nikapata ukubwa wenyewe, nikawaambia watoto walale. Kisha nikamwomba mavyaa aje.

Alilala ubavu. Binti akalala. Mdogo akalala katikati, mguu mmoja tumboni kwa bibi yake. Leso zikaisha.

Hema la wanne linatosha watu wawili na mtoto wanaotaka kuamka wakiwa bado wanapendana. Nikitafuta la kututosha sote, lilikuwa linakwenda kwenye yale makubwa ya watu wanane au kumi, yenye kuta zilizosimama wima na vyumba vya pazia. Dukani yanavutia mno. Nilisimama ndani ya moja nikanyoosha mikono, nikajiona nimefika. Kisha nikawaza kusi. Kuanzia Mei mpaka Septemba upepo wa kusi hauchezi na ukuta wa kitambaa wenye kimo cha mita mbili, na fito za yale mahema ya bei yetu ni za faiba, ambazo zikizidiwa huchanika nyuzinyuzi na hazirudi. Fito za alumini hujikunja, na iliyojikunja unaweza kuinyoosha kwa mikono ukalala usiku huo. Sikuona hema kubwa lenye fito za alumini ambalo mfuko wetu ungeliweza.

Hapo ndipo wazo la mahema mawili lilipoingia. Nikalikataa kwa siku kadhaa. Nilitaka tulale pamoja, ndiyo maana yenyewe ya safari.

## Usiku wa paa

Jirani yetu wa chini ana hema dogo la kuazimisha, na analiazimisha kwa roho safi. Lina chumba cha ndani, sehemu kubwa chandarua kitupu, na turubai jepesi la kufunika juu. Lina milango miwili inayotazamana. Tulilipandisha juu ya paa la ghorofa yetu, kati ya matangi na kamba za kuanikia nguo. Zege halipigwi kigingi, kwa hiyo tulifunga kila kamba kwenye mtungi wa lita 20 uliojaa maji.

Tuliingia mimi na binti na mdogo. Kwanza tukafunga kila kitu.

Haikuchukua muda. Joto lilikuja kutoka kwetu wenyewe. Nilipopitisha kidole kwenye turubai la juu, upande wa ndani, kilirudi kimelowa. Watu wengi huamka wakaona matone wakadhani hema limevuja, wakarudi dukani kugomba. Mara nyingi ni pumzi na jasho lao wenyewe. Usiku usio na mawingu kitambaa hupoa haraka kuliko hewa iliyokizunguka, na hewa yetu ya pwani ina unyevunyevu mwingi kiasi kwamba ikigusa kitu kilichopoa kidogo tu huacha maji. Ndiyo maana chumba cha ndani cha chandarua kina faida: tone likidondoka kutoka turubai la nje mara nyingi linateleza pembeni, halikudondokei usoni.

Tukafungua mlango mmoja. Hakuna kilichobadilika. Binti akasema labda upepo umelala.

Tukafungua wa pili.

Nilikuwa nimetundika leso katikati, kutoka juu, kama pazia. Ikatikisika. Kisha ikajaa, ikasogea upande, na nikasikia shingo yangu inapoa. Upepo ulikuwepo muda wote huo. Ulikuwa hauingii kwa sababu hauna pa kutokea. Mlango mmoja, hata uwe mpana vipi, ni pango. Miwili inayotazamana ni njia. Na ukiongeza tundu la hewa juu kabisa, pale joto linapokimbilia, hema linapumua hata upepo ukiwa mdogo.

Kwa hiyo hewa niliipata. Nikakaa pale nimefurahi, nachana nywele kwa mwanga wa taa ndogo niliyoiweka sakafuni.

"Mama!" Mvulana wangu alikuwa amesimama mlango wa ngazi, mbali. "Nakuona unachana nywele!"

Moyo ukaniporomoka. Kila kitu kilionekana, kichwa, mkono, kitana. Mavyaa asingelala humo hata kwa dakika.

Nilitoka na taa mkononi ili tukunje vitu tushuke, nikaitundika kwenye kamba ya nguo, hatua chache mbele ya hema, nipate mikono miwili. Binti alikuwa bado ndani na mdogo.

"Dada ameenda wapi?" mvulana akauliza.

Niligeuka. Milango yote miwili ilikuwa wazi, imebaki chandarua tu. Ndani nilikuwa najua yumo binti yangu, amekaa. Sikumwona. Nilisogea hatua moja, bado. Mwanga wa taa ulikuwa unapiga chandarua kwa nje, na jicho linaishia hapo kwenye nyuzi, haliendi kwenye giza lililo nyuma yake.

"Mimi nawaona wote," binti akasema kutoka ndani, anacheka.

Tulirudia mara nyingi. Taa ndani, taa nje. Mvulana alitumwa huku na huku kama askari wa zamu, anatangaza anachokiona. Kila mara jibu lilikuwa lile lile, na lilimfurahisha mpaka tukashindwa kumshusha.

## Walivyojenga wazee

Nililala usiku ule nikizifikiria nyumba za Mji wa Kale. Ukipita vichochoro vyake mchana, unaziona roshani za mbao zilizochongwa vitundu. Wanawake wa ndani waliona barabara nzima, harusi ikipita, mgeni akija, na hakuna aliyewaona, kwa sababu nje kuna mwanga na ndani kuna kivuli. Upepo wa bahari ulipita humo humo kwenye vitundu. Na mbele ya nyumba kuna daka, na baraza zake za kukalia. Mgeni anafika, anapiga hodi, anakaa, anapewa kahawa, na jicho lake halijafika ndani.

Waliojenga vile walikuwa na joto hili hili na stara hii hii. Hawakuifuata stara kwa kuziba madirisha. Waliitafuta kwa mpangilio: kivuli kikae wapi, mlango utazame wapi, mgeni asimame wapi.

Nilichohitaji basi kilikuwa chandarua kingi, milango miwili, na daka.

Daka halimo kwenye boksi. Lakini hapa Mombasa tuna mafundi wanaoshona maturubai ya harusi na ya matanga, na nilimwendea mmoja Majengo. Nilimweleza nataka kipande cha kusimama mbele ya mlango na kushuka pembeni. Hakucheka wala hakuuliza sana. Aliuliza kitu kimoja tu: kitakaa juu ya hema lenyewe au mbele yake? Nikamwambia vyote viwili. Akanishauri kisigusane kabisa na paa la hema, niache nafasi ya mkono mzima upepo upite katikati, kwa sababu turubai likilalia hema joto lote la jua linashuka ndani. Akanikataza pia yale maturubai ya plastiki ya buluu: kusi ikiyapata yanapiga kelele usiku kucha, hakuna atakayelala. Akanishonea la kitambaa kizito, lenye pete za chuma kila pembe.

Kivuli hicho kina kazi nyingine. Tuko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, na jua letu hula vitambaa. Nailoni huchoka mapema kuliko poliesta, na ikilowa hulegea. Hivyo nilitafuta poliesta na bado nikaipa mwavuli.

## Kibla na upepo

Jambo hili lilinijia nikiwa nimekaa na karatasi nachora mahema yakae vipi, na mpaka leo nikilifikiria nahisi raha.

Kusi inatoka kusini. Kaskazi inatoka kaskazini mashariki. Hema lenye milango inayotazamana, ukiuweka mmoja kusini na mwingine kaskazini, linapata misimu yote miwili, angalau kwa sehemu kubwa. Jua nalo linachomoza saa kumi na mbili na kitu mwaka mzima, na likipiga ubavu mpana wa hema, saa moja watu wote wako nje wakitaka wasitake. Ukiweka milango kusini na kaskazini, na ubavu mwembamba ndio uwe mashariki, unapata usingizi kidogo zaidi.

Na Makka iko kaskazini mwetu, karibu moja kwa moja. Ukisimama Mombasa ukaelekea kibla, umeelekea kaskazini. Mavyaa akiamka alfajiri akatandika mswala wake ndani, anatazama mlango wa kaskazini, na kusi inampepea mgongoni.

Nilipomwonyesha mchoro aliutazama muda mrefu. Akauliza atatawadhia wapi. Nikamwonyesha daka, upande ulioshuka. Akauliza taa. Nikamweleza habari ya paa. Akaniambia wakati wa kuvaa atafunga turubai la nje dakika chache, kisha afungue. Hilo nililipenda: hewa si lazima iwe saa zote, ni lazima iwe wakati wa kulala.

Yeye ndiye aliyeamua kuhusu mahema mawili. Alisema kwa utulivu kabisa kwamba hata kwake hakuna mtu anayelala sebuleni kwa mwenzake, na kwamba kuwa pamoja ni kula na kuongea, usingizi kila mtu ana wake. Nilikuwa nimeling'ang'ania hema moja kwa ajili yake.

## Porini

Hifadhi ya Shimba Hills iko kilomita 30 na ushei kutoka hapa, ukivuka Likoni. Vilima vyake vinapanda zaidi ya mita 400 juu ya bahari, na asubuhi kuna ukungu. Ndiko peke yake Kenya unakoweza kumwona palahala porini. Ndovu wapo. Na mbung'o wapo pia, na hapo ndipo hema la buluu la Nyali lilipotolewa kwenye orodha moja kwa moja: mitego ya mbung'o hushonwa kwa kitambaa cha buluu na cheusi kwa sababu rangi hizo huwavuta. Sioni sababu ya kusimamisha mtego mkubwa kisha nilale ndani yake. Tulichukua rangi ya mchanga.

Watoto walitaka kujua kuhusu simba. Hawako kwenye mpango wetu wa karibu, lakini Tsavo iko kichwani mwa kila mtoto wa Mombasa, na wote wanakijua kisa cha mwaka 1898, wakati simba wawili walipokuwa wakiwatoa wafanyakazi wa reli kwenye mahema yao usiku pale daraja la mto Tsavo likijengwa. Boma za miiba hazikuwazuia. Waliuawa Desemba mwaka ule, na ngozi zao ziko katika jumba la makumbusho Chicago. Mvulana aliniuliza kama hema letu ni zito kuliko yale.

Nilimwambia ukweli: hakuna hema linalomzuia simba kwa uzito wake. Kinachosaidia ni kulala kwenye kambi za hifadhi, kufuata wanachosema askari wa wanyamapori, kufunga zipu ya chandarua usiku, na kutoingiza chakula ndani. Ndovu hunusa tunda kutoka mbali. Nyani watachana kitambaa cha bei yoyote kwa ajili ya ndizi moja. Vyakula vyetu vitakaa ndani ya gari, na vyombo vya maji vitakuwa vya kurudia, maana chupa za plastiki za kutumia mara moja zilipigwa marufuku kwenye hifadhi na fukwe zetu tangu Juni 2020.

Ufukweni kazi ni nyingine. Vigingi vile vyembamba vya chuma havishiki mchanga, na chumvi inavila. Fundi wa Majengo alinishonea vifuko kutokana na mabaki ya turubai: unavijaza mchanga, unafunga kamba katikati, unavifukia kina cha mkono mpaka kwenye kiwiko. Nimekivuta kimoja kwa nguvu zangu zote ufukweni Bamburi, hakikutoka. Chini ya mnazi hatulali, hata kivuli kiwe kizuri vipi. Na kabla ya kusimamisha chochote tutauliza wavuvi kama ni bamvua, siku ambazo maji hujaa kupita kawaida, kwa sababu alama ya maji ya juzi inaweza kudanganya.

## Tulichonunua

Mahema mawili ya rangi moja. Lao lina kimo cha mtu kusimama, milango miwili, fito za alumini, chumba cha ndani cha chandarua: mavyaa, binti na mdogo. Magoti yake ndiyo yaliyoamua kimo, maana kutambaa kutoka hemani saa tisa za usiku si jambo la kumtakia mtu mzima. Letu ni fupi, la duara, gumu kwa upepo. Msimu wa kusi litakaa mbele, upande wa kusini, tukilisogeza kidogo lisizibe njia ya hewa ya lao. Turubai la fundi litakaa katikati, na hapo chini ndipo tutakapokula na kuongea mpaka usingizi utujie. Taa itatundikwa hapo, nje.

Shimba tunakwenda Agosti, shule zikifungwa. Nimeshalikausha kila hema juani na kulihifadhi likiwa limelegea ndani ya foronya kubwa, halikubanwa kwenye mfuko wake, ili kitambaa kisiote kuvu kabla hata hatujaondoka.

Kilichobaki kunisumbua ni Tiwi mwezi wa Desemba. Chandarua chetu kinazuia mbu vizuri, lakini usubi wanapita. Kuna chandarua cha vitundu vidogo zaidi kinachowazuia, ila kadiri vitundu vinavyopungua ndivyo hewa inavyopungua, na kwa kaskazi iliyolala hiyo hewa ndiyo kila kitu. Binti anasema tubadilishe mlango mmoja tu tujaribu, fundi yuko tayari. Mavyaa anasema udi utatosha, nami siutaki moto wowote karibu na poliesta. Kama umelala ufukwe wa kusini na watoto msimu huo, naomba unieleze usubi walikuja saa ngapi na wewe ulifanya nini.